Dirisha la Kupandisha Tiketi

Siku mliyoniaga mlinipa maua na kikombe chenye picha ya bustani yetu ya michezo, kana kwamba ninaweza kuisahau. Neema, wewe ndiye uliyeniuliza, mdomo umejaa keki: "Mama Riziki, mbona kwenye dirisha lako watu wote walikuwa wanaondoka wamekunja uso?" Wakubwa wakacheka. Mimi nikacheka nao, maana jibu lilikuwa refu na keki ilikuwa ndogo. Sasa niko nyumbani Husby, miguu juu ya stuli, nafasi ninayo. Ninawaandikia ninyi watoto wetu mnaoajiriwa pale kila majira ya joto, ninyi mnaosalimiwa kwa Kiswahili mkaitikia kwa Kiswidi. Someni polepole. Mkikwama waulizeni mama zenu, watafurahi kuulizwa kitu angalau mara moja.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Kabla ya hapo nilikuwa ninasafisha ofisi Kista, na wiki ya kwanza bustanini walinipa ufagio pia, nadhani kwa mazoea. Kisha msichana wa dirisha la pembeni akaacha kazi akilia, wakatafuta mtu anayejua lugha nyingi. Mimi nilikuwa na Kiswahili, Kifaransa, Kifuliiru cha kwetu Uvira, na Kiswidi cha darasani. Hakuna aliyenieleza yule msichana alikuwa analilia nini. Na mimi sikuuliza, mjinga mimi.

Siku ya kwanza ilikuwa Aprili, theluji ya mwisho bado imeganda nyuma ya vibanda, na watu wamepanga foleni ndani ya makoti wakisubiri kulipa ili warushwe hewani. Nikasema moyoni, jamani, sisi tumetafuta maisha yetu yote mahali pa kukanyaga pasipotikisika, na hawa wanalipa ili watikiswe! Dirishani nilimkuta Gunilla, mama wa Kiswidi mwenye nywele fupi nyeupe, aliyekaa pale tangu tiketi zilipokuwa zinachanwa kwa mkono. Hakuniambia karibu. Alinisogezea kiti na kumimina kahawa kutoka kwenye chupa yake, na kwa mtu kama Gunilla hayo ni makaribisho makubwa.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Kulikuwa na mashine ya kusoma tiketi, ambayo hulia mlio mfupi ikikubali na mlio mrefu ikikataa. Kulikuwa na koleo dogo la kubana kifungo cha bangili, ile ya mkononi inayomruhusu mtu kupanda michezo, na kipasha joto chini ya meza ambacho kiliunguza viatu bila kupasha miguu. Bangili ukiibana acha nafasi ya kidole kimoja. Ukiikaza sana mtoto atalia, ukiilegeza sana ataivua na kumpa mwenzake nyuma ya choo. Msicheke, nimeyaona.

Gunilla alinifundisha jambo moja tu kwa maneno, mengine yote niliyaiba kwa macho. Aliniambia, "Tazama tiketi kwanza, uso baadaye. Ukianza na uso, siku yako imeharibika." Nilimwona hana huruma. Nilimsema hata kanisani, Mungu anisamehe, nikamwita mama barafu. Baadaye nilikuja kugundua kwamba kila baada ya kumkatalia mtu alikuwa anakwenda nyuma ya kibanda kuvuta sigara, na kwamba alikuwa anavuta sigara nyingi sana.

Nieleze sasa kazi yenyewe. Tiketi ya kuingia ilikuruhusu kupita getini, kutembea, kula soseji na kuwatazama wenzako wakipiga kelele angani. Kupanda michezo kulitaka bangili, na bangili ilikuwa ghali. Basi mawakala walikuwa wananunua kwetu tiketi za kuingia kwa wingi, wanaziuza mtandaoni kwa bei nafuu, na chini kwa herufi za sisimizi wanaandika kwamba tiketi hiyo inaweza kupandishwa iwe bangili, ukiongeza tofauti kwenye dirisha la bustani. Dirisha lenyewe ndilo langu. Maneno yao yalikuwa ya kweli, na hapo ndipo ubaya wa kazi ulipokuwa. Mtu akidanganywa, angalau mnaweza kumkasirikia mwongo pamoja. Hawa hawakudanganywa. Waliambiwa kweli nusu, wakajijazia nusu nyingine kwa matumaini.

Walikuja watu wa kila sampuli. Alikuwapo bwana mmoja Mganda, mcheshi, aliyekuwa anaisimulia foleni nzima jinsi alivyopata punguzo. Nilipomtajia tofauti ya kupandisha akashika kichwa, maana tofauti ilihesabiwa kutoka bei ambayo wakala aliilipa kwetu, na siyo bei aliyolipa yeye kwa wakala. Jumla yake ikapita bei ya bangili ya getini. "Lakini mimi nimepata punguzo!" akasema. Gunilla akamtazama, akajibu kwa utulivu, "Ndiyo, ulipata." Mwingine alileta tiketi za siku za kazi siku ya Jumamosi. Mama mmoja Mrundi alipandisha tiketi za wanawe asubuhi, mchana radi ikapiga, michezo ikafungwa. Akarudi kwangu amelowa. Bustani ilisema fedha za tiketi zidaiwe kwa wakala aliyeuza, wakala akasema tiketi ikishapandishwa si yake tena. Yule mama alisimama hapo kwenye mvua akiniuliza, "Sasa ni ya nani?" Mpaka leo sijui ni ya nani.

Watu wetu ndio walionichosha zaidi, kwa sababu walikuwa wananiuliza baada ya kununua. Jumapili ananiona, ananikumbatia, ananiuliza habari za magoti. Hasemi kitu. Jumamosi inayofuata namwona mbele ya kioo na karatasi mkononi, anatabasamu: "Nilitaka kukushangaza!" Haya, nishangae.

Sasa niseme habari za Baba Aline, maana Neema, swali lako lilinirudisha kwake moja kwa moja.

Baba Aline aliishi Hässelby, mwisho wa reli, akisafisha mabehewa ya treni za chini ya ardhi. Tulisali naye kanisa moja la Wakongo kule Jakobsberg. Sote tulimwita Baba Aline miaka mingi kabla ya kumwona huyo Aline. Alimwacha mtoto hajaota hata jino, alipokimbia peke yake. Mkewe akafa huko nyuma, mtoto akalelewa na bibi yake, mama mzazi wa Baba Aline. Karatasi za kuwaleta zilichukua muda ambao siwezi kuuzungumzia bila kupandwa na hasira. Miaka yote hiyo alikuwa baba wa kwenye simu. Aliahidi gauni, likachelewa. Aliahidi baiskeli, ikaibiwa njiani. Kila mwaka aliahidi kwamba mwakani watakuwa pamoja. Hakuwa mwongo. Alikuwa mtu asiye na kitu kingine cha kumpa mtoto isipokuwa ahadi.

Walipofika uwanja wa ndege, nusu ya kwaya ilikwenda na maua. Mtoto alitoka ameshika kitenge cha bibi yake, akampa baba yake mkono kama anavyosalimiwa mwalimu mgeni. Krismasi iliyofuata nilikula kwao. Aline alitaka chumvi, nayo iko mbele ya baba yake. Akasema, "Bibi, mwambie anipe chumvi." Baba akaisogeza haraka haraka, akacheka peke yake.

Msimu uliofuata bustani ilileta treni mpya, ile kubwa inayopanda taratibu halafu inaporomoka kama imekatika. Darasa zima la Aline lilikuwa limeshaipanda. Siku moja, baba yake alikuja kunisimulia, mtoto alimgeukia mezani yeye mwenyewe, bila kumpitia bibi, akauliza, "Utanipeleka kwenye ile treni?" Lilikuwa neno la kwanza la kumwomba kitu usoni. Akamjibu, "Nitakupeleka, binti yangu. Tutapanda wote wawili." Treni hiyo haikupandwa bila bangili. Baba Aline akaingia mtandaoni, akakuta pakiti ya familia ya bei nafuu, karatasi moja yenye alama moja ya kusomwa kwa mashine, watu watatu, na chini yake neno "inaweza kupandishwa." Akanunua. Akatenga fedha ya tofauti ndani ya bahasha. Na mimi hakuniambia, alitaka kunishangaza.

Walikuja Jumamosi ya Juni, wote watatu wamevaa nguo za kanisani. Niliwaona kupitia kioo, geti liko karibu tu na dirisha langu. Foleni ilikuwa ndefu, jua kali, na bibi miguu ilikuwa imemvimba. Baba Aline akafanya kile ambacho kila mmoja wetu aliyelelewa angefanya. Nani kati yetu angemsimamisha mama yake juani ili yeye akashughulikie raha zake dirishani? Alimshika mkono mama yake, akampitisha mbele ya watu wakipisha, akampa karatasi, akasema, "Mama, tangulia ukakae." Niliona karatasi moja na watu watatu, nikajua. Niligonga kioo kwa pete yangu. Nani asikie, muziki wa farasi wa kuzunguka unapiga! Bibi akampa kijana wa getini karatasi kwa mikono miwili, kwa heshima, mashine ikalia mlio mfupi, akaingia, akakaa kwenye benchi la kwanza.

Waswidi wangesimama wote dirishani na bibi yao, hata jua likiwaka vipi. Kanuni ile iliandikwa na watu wanaoingia pamoja. Pakiti ikisomwa mara moja, imesomwa yote, na tiketi iliyosomwa haipandishwi.

Baba Aline akaja kwangu amemshika Aline begani, na mtoto, siku hiyo, ameliacha bega lishikwe.

"Mama Riziki! Nimekupata. Nipandishie mbili, mimi na Aline. Mama hapandi kitu, yeye ni wa kukaa."

"Baba Aline, karatasi iko wapi?"

"Anayo mama. Ametangulia, miguu inamuuma. Mbona unanitazama hivyo?"

Nilimwomba kijana wa getini aniletee karatasi. Nikaisoma kwa mashine, ikalia mlio mrefu. Nikaisoma tena nikiipangusa kwa mkono wa blauzi, kana kwamba tatizo ni vumbi. Nikamwita Fredrik, msimamizi wa zamu. Hakuwa mtu mbaya Fredrik, alijaribu kwa namba yake ya siri, akajaribu kutoka kompyuta ya ofisini. "Mfumo unakataa," akasema. "Wao watatu wameshaingia." Nikamwonyesha kwa kidole kupitia kioo, hawa hapa wawili, wako nje, wanakutazama. Akawatazama kweli, akaona haya, akasema wakala ndiye anayeweza kuifungua upya.

Basi Baba Aline akampigia wakala. Kiswidi chake kilikuwa cha kazini, cha ndoo na ufunguo, na aliyepokea simu alikuwa anazungumza upesi. Akampa Aline simu amtafsirie. Laiti ningeweza kuliziba lile tundu la kusemea kwenye kioo nisisikie.

"Anasema imeandikwa," mtoto akasema.

"Mwambie ni bibi tu aliyeingia. Mwambie mimi na wewe bado tuko nje."

Aline akasema, akasikiliza. "Anasema kwao inaonyesha tuko ndani."

"Mwambie ninaongea naye nikiwa nje! Mwambie, tafadhali, ni mtoto, ameahidiwa."

Hilo Aline hakulitafsiri. Alisikiliza kidogo, akasema asante kwa Kiswidi, akakata simu. "Anasema ulitakiwa kusoma," akamwambia baba yake, akamrudishia simu bila kumtazama.

Fedha ya bahasha ilikuwa ya tofauti tu, isingetosha bangili mpya mbili. Nilisogea karibu na kioo, nikashusha sauti. "Baba Aline, nitakata bangili mbili sasa hivi, nitazilipa mimi. Chukulia ni zawadi ya mtoto." Alitikisa kichwa kabla sijamaliza. "Hapana, dada yangu," akasema. "Akiipanda kwa fedha yako, nitakuwa nimempeleka mimi?" Nikasema mtoto hatajua. Lakini mtoto alikuwa amesimama pale pale, na masikio anayo.

Aline akajitoa kwenye mkono wa baba yake, akaenda kwenye vyuma vya geti. Bibi yake alikuwa ndani, amefumba macho juani, ameridhika. Akamwita kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa: "Bibi! Si nilikuambia? Huyu kazi yake kuahidi."

Huyu. Hakumwita hata mzee. Baba Aline alikuwa bado ameishika bahasha yake ya tofauti. Aliikunja, akaitia mfukoni, akaniambia, "Asante, Mama Riziki, umejaribu." Kuna watu waliwahi kunitukana dirishani hapo, kuna aliyetema mate kwenye kioo. Yote nimeyasahau. Ile asante ndiyo inayonikera mpaka leo.

Kuingia waliruhusiwa, bila shaka, tiketi ya kuingia wanayo. Wakati wa mapumziko yangu nilipita upande wa treni. Bibi alikuwa amesinzia. Baba ameshika makoti ya wote watatu na soseji ambayo hakuna aliyeitaka. Aline amewapa mgongo, ameinua kichwa, anaitazama treni ikipanda. Niliwapita mbali nikaenda nyuma ya kibanda. Gunilla alikuwa pale na sigara yake. Nikasema, "Leo nilianza na uso." Akasogea kidogo kwenye ngazi, nikakaa.

Baada ya hapo nilipiga kelele ofisini mpaka wakaweka kibao getini: pandisha kabla ya kuingia. Kwa Kiswidi na Kiingereza. Niliomba na lugha nyingine, wakasema kibao hakina nafasi. Kanisani nikawa ninatangaza mwenyewe baada ya ibada: mkienda bustanini, wazee wasitangulie, wabaki nje na ninyi mpaka mmalize dirishani. Mzee mmoja wa kanisa alinikasirikia. Alisema nimekwenda Ulaya nikajifunza kuwaacha wazee nje. Nikamwambia haya, waingize, lakini msinililie. Wanaume wengine walimtania Baba Aline, eti yeye ndiye mtu pekee aliyeingia bustanini akiwa nje. Alicheka nao. Alijua sana kucheka nao. Nyumbani kwake, nilisikia, chumvi iliendelea kuombwa kwa bibi.

Gunilla alistaafu, akaenda kaskazini kwa dada yake. Karatasi zikapungua, watu wakaanza kuja na tiketi kwenye simu, kioo kimepasuka, mashine haisomi, mimi ninaisafisha kwa shati. Mitego ilikuwa ile ile. Bibi yake Aline alifariki, tukamzika tukiimba kwenye baridi, na Aline, msichana mrefu sasa, akalia upande mmoja wa kaburi na baba yake upande mwingine. Muda si mrefu akahamia kwa rafiki zake, upande wa kusini wa mji.

Ilikuwa msimu wangu wa mwisho, asubuhi, geti halijafunguliwa. Baba Aline akaja dirishani peke yake. Mvi zilikuwa zimeshamjaa, shati limepigwa pasi vizuri.

"Mama Riziki. Nataka bangili mbili. Kamili, bei ya getini. Sitaki punguzo, sitaki kupandisha kitu."

"Na nani mwenzako?"

"Aline. Mimi ndiye niliyempigia. Nikamwambia ile treni bado ipo. Akasema atakuja." Alikuwa anajizuia kutabasamu, asionekane. "Usizifunge kwanza. Akifika utatufunga pamoja."

Nikamkatia. Akazishika mkononi kama mtu aliyeshika mayai, akaenda kusimama karibu na geti, nje, mahali anapoweza kuonekana na kila anayetoka kwenye basi. Geti likafunguliwa, watu wakaingia. Kila msichana mrefu alipotokea, alinyoosha mgongo. Akanunua soda mbili, moja akainywa, ya pili akaishika. Mimi niliendelea na kazi yangu, ninapandisha, ninakatalia, jicho moja liko kwake. Mchana nikaona amechukua simu. Aliongea kidogo sana. Alikuwa anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayeonekana na anayeongea naye.

Alikuja dirishani, akapanga foleni kama wengine wote, hakutaka kupita mbele.

"Amesemaje?" nikamuuliza.

"Amesema ana mambo yake leo. Siku nyingine." Akaziweka zile bangili mbili juu ya meza, akazinyoosha kwa kidole. "Hizi zinarudishwa?"

"Zinarudishwa. Hazijafungwa mkononi, hazijasomwa. Zinarudishwa zote."

"Bila shida?"

"Bila shida yoyote."

Nikaichukua kadi yake, nikazipitisha zile bangili kwenye mashine moja baada ya nyingine, na kila moja ikalia mlio mfupi. Alisubiri mpaka nikamaliza. Kisha akainama karibu na lile tundu la kioo.

"Safari hii nilinunua sawasawa, sivyo, Mama Riziki?"

"Ndiyo, Baba Aline," nikamwambia. "Ulinunua sawasawa kabisa."